Nchi Iliyotimia

Njia ya kwenda Timilia kila mtu huieleza kivyake, na nyingi ya habari hizo ni porojo, kwa hiyo tuiache. Sikudhani binti Khatibu alikwenda, akafika. Kilichompeleka ni mumewe, Machano, fundi cherehani, ambaye alisikia kwamba huko mafundi wanatafutwa kwa udi na uvumba, akaaga, akaahidi kurudi kabla ya masika. Masika yakaja, yakapita, yakaja mengine. Mwanzoni salamu zilikuwa zikifika kwa wasafiri, kisha zikawa haba, kisha zikakatika kabisa.

Majirani walimshauri Sikudhani ajitazamie mambo yake. Mama mkwe mwenyewe akaacha kumtaja mwanawe. Lakini Sikudhani hakuwa na mambo mengine ya kujitazamia. Alilala upande wake wa kitanda, ule wa pili akauacha vilevile. Akipika mchuzi wa papa alijikuta amekamua ndimu kupita kiasi, maana Machano hapendi mchuzi usiouma meno, na ingawa yeye ndimu humkera koo, aliunywa hivyohivyo. Alimtamani mumewe, na hakuona aibu kusema hivyo kwa yeyote aliyemuuliza. Siku moja kungoja kulimchosha, akafunga mlango, ufunguo akamwachia jirani.

Timilia ni nchi safi na ya watu wapole. Barabara zake zimefagiliwa, maduka yake yamejaa, na katikati yake, juu ya kilima, umesimama mnara mweupe ambao mtu hawezi kuukwepa kwa macho popote alipo. Kila kitu katika nchi hiyo, kuanzia mbuzi hadi kijiko, kimefungwa punje ndogo, kiasi cha kunde, wanayoiita kijibu. Binadamu hushonewa cha kwake kwenye ukosi wa nguo. Hiyo ndiyo kazi iliyowapeleka mafundi cherehani kule.

Kijibu hakina nguvu yake chenyewe. Hakina betri wala moto wa namna yoyote, kimelala tu. Mnara unapoita, ule mwito ndio unaokitia nguvu, nacho hutumia nguvu hiyo ya kuazima kusema neno moja, "Nipo," kisha hulala tena mpaka mwito mwingine. Vitu viwili tu humzibia mtu asisikike: maji na bati. Kwa hiyo kuezeka bati ni kosa, mitungi ya maji hukaa mbali na vitanda, na kuoga ni kwa haraka, tena kwa zamu. Mtu anayejimwagia maji kwa raha zake huhesabiwa kuwa hana uzalendo.

Sikudhani alipanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Bi Nunu. Alipoingia alisema shikamoo, na mwenyeji wake akatulia kwanza, kama mtu anayekumbuka wimbo wa utotoni, ndipo akaitikia marahaba. Huko watu husalimiana kwa kuulizana, "Umesikika?" na jibu lake ni "Nimesikika," basi, kila mtu anaendelea na safari yake.

Asubuhi ya pili, Bi Nunu alikuwa amekaa mbele ya sufuria ya uji inayochemka, mikono mapajani, uji unafurika na kumwagika motoni. Upawa wake ulikuwa chini ya meza, karibu na mguu wake wa kulia. Sikudhani akainama kuuokota. Bi Nunu aliruka kwenda kufunga dirisha.

"Mwanangu, usije ukaonekana," akanong'ona. "Huku hatutafuti."

"Lakini huu hapa, bibi. Chini ya meza."

"Najua uko chini ya meza, nauona tangu jana. Lakini mnara haujasema kwamba umepatikana."

Sikudhani akaurudisha upawa pale sakafuni, wakala uji ulioungua. Baadaye alielewa kwamba kutafuta kwa macho na mikono ni jambo la aibu Timilia, la watu wasio na imani na mnara. Mama akipoteza mtoto sokoni haangazi huku na huku. Hukaa kitako mahali alipo na kungoja, na watu wapitao humsifu kwa utulivu wake.

Siku hiyohiyo alikwenda Nyumba ya Mwito, chini ya mnara. Msimamizi wake alikuwa Bwana Tawakali, mtu mwenye sauti laini na kanzu iliyonyooshwa vizuri, ambaye hakukosa adabu hata mara moja, na hilo ndilo lililomchosha Sikudhani kuliko yote.

"Namtafuta mume wangu," Sikudhani alisema. "Machano Haji, fundi cherehani."

Bwana Tawakali alikohoa kidogo kwa sababu ya lile neno la kutafuta, akalisamehe. "Bibie, leo asubuhi nchi ilitimia. Jana jioni pia ilitimia. Kama nchi imetimia, mumeo yumo."

"Yumo wapi, mheshimiwa?"

"Yumo."

"Basi muiteni."

Msimamizi akamkaribisha kiti, akaagiza kahawa, akamweleza, maana mambo haya aliyapenda kwa dhati. Hapo zamani, alisema, mnara uliwaita watu wote kwa pamoja, nao wakajibu kwa pamoja, na majibu yakagongana angani yakawa kelele tupu. Wazee wakasikia ile kelele wakadhani ni shangwe, na miaka mingi ikapita kabla hawajagundua kwamba hawajamsikia hata mtu mmoja. Ndipo wakaanza kuita jina mojamoja. Mwito ulianza alfajiri, na ulipomfikia wa mwisho, wa kwanza alikuwa keshahama mtaa. Ikaja enzi ya Matawi. Mnara ulisema: wenye namba inayoanza na moja wajibu, wengine kimya. Sauti zikigongana, hao nao waligawanywa, wakagawanywa tena, mpaka akabaki mmoja akijibu peke yake. Aliyekwisha kujibu aliambiwa alale, asiwasumbue wengine. Asiyejibu kabisa alitajwa kwa jina lake, kwa sauti, nchi nzima ikasikia, na watumishi wakaenda kumchukua na kumleta hapa ajieleze.

"Hiyo ilikuwa nzuri," Sikudhani alisema.

"Ilikuwa nzuri na ilikuwa goigoi. Ilikula asubuhi nzima." Bwana Tawakali alisogeza kikombe chake. "Sasa tuna Uzito. Hatuiti majina, bibie. Tunauliza mara moja, wote wanajibu mara moja, na sisi tunaupima uzito wa ile kelele, kama mpishi anavyoinua gunia la mchele akajua limejaa. Inachukua pumzi moja. Wakikosekana wachache, gunia halibadiliki, na nchi imetimia."

"Wachache ni wangapi?"

"Wachache ni wale wasiobadilisha uzito."

"Na kama mume wangu ni mmoja wao?"

"Basi ni miongoni mwa wachache."

"Mume wangu si wachache, mheshimiwa. Ni mmoja."

Bwana Tawakali alimtazama kwa huruma ya kweli. Alisema kwamba kuita jina la mtu mmoja kungelazimu nchi nzima inyamaze, na kwamba jambo zito namna hiyo si la kuamuliwa naye. Lakini kwa kuwa Sikudhani ni mgeni, na wageni wana heshima zao, angelipeleka suala hilo Barazani.

Baraza la Timilia lina vyama viwili, Chama cha Majina na Chama cha Uzito. Sikudhani aliketishwa kwenye kiti cha wageni, akafarijika kuona kwamba mzee mmoja wa Chama cha Majina alisimama kumtetea hata kabla hajaombwa. Mzee huyo alisema kwa machozi kwamba mtu ni jina lake, kwamba nchi isiyotaja watu wake ni ghala tu, na kwamba majina yarudi kuitwa kila siku, yakianza na herufi ya Shini. Jina lake yeye mwenyewe lilikuwa Shehe. Mwenzake wa chama hichohicho, aitwaye Badi, alisimama papo hapo kupinga, na adhuhuri yote ikaishia katika ugomvi wa herufi ipi ianze. Jina la Machano halikutajwa tena upande ule.

Kisha akasimama mama mmoja wa Chama cha Uzito, mwenye miwani na maneno machache.

"Mgeni anasema anamkosa mtu," alisema. "Nchi haimkosi mtu huyo. Kwa hiyo upungufu hauko nchini, uko kwa mgeni. Na upungufu wa mgeni ni wajibu wetu kuujaza."

Wakapiga kura, wakakubaliana wote, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Uamuzi ulikuwa kwamba Sikudhani apewe mwanamume mwingine, wa kimo kilekile, wa ufundi uleule, anayesikika vizuri mnarani. Mwanamume huyo aliletwa kesho yake kwenye baraza ya nyumba ya Bi Nunu. Alikuwa na begi dogo na viatu vilivyopakwa rangi kwa ajili ya safari, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya.

"Naitwa Ngwali, dada," alisema. "Cherehani naijua. Wameniambia nyumbani kwako kuna nafasi."

Sikudhani alitaka kukasirika, hasira ikamkatalia. Alimpa maji ya kunywa. "Nenda kwenu, kaka yangu," alimwambia. "Hukukosea kitu. Nafasi ipo, ila si ya mtu yeyote."

Ngwali alishika begi lake, akasimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Huyo mwenye nafasi," akauliza, "anajua kwamba anayo?" Hakungoja jibu, akaenda zake.

Alipoondoka, Sikudhani alilia. Alilia kwa sauti, kwa jinsi watu wa kwao wanavyolia, na Bi Nunu, ambaye hakuwa amesikia kilio cha namna hiyo tangu amzike mumewe, akaja akaketi naye mkekani. Kisha akasema, "Namjua fundi wako. Gauni hili kanishonea yeye."

Sikudhani akanyanyua kichwa.

"Sikusema mapema kwa sababu niliona aibu. Ukishasema habari za Bondeni alikokwenda lazima useme na zako." Bi Nunu alivuta upindo wa gauni juu ya magoti yake. "Marehemu bwana wangu alikuwa na tabia ya kuniita tangu kule barazani. Nunu, Nunu. Nikiacha mapishi nikaenda, hana la kusema. Anataka tu kuniona nimekuja. Nilikuwa nikimgombeza. Alipokufa, mwanangu, nikabaki na kijibu. Kijibu kinasema nipo, nipo, kila siku, lakini hakuna anayesema Nunu. Basi siku moja, enzi zile za Matawi, nikaingia chini ya kipande cha bati nikajikunja. Mnara ukakosa jibu langu. Ukanitaja. Nunu binti Sadala, nchi nzima ikasikia. Walinitoza faini, nikalipa nikicheka, na raha ile ilinikaa mwezi mzima."

"Ulirudia?"

"Nilirudia. Lakini Uzito ulikuwa umekwisha kuingia. Nikalala chini ya bati, nikangoja, mnara ukasema nchi imetimia. Nikatoka mwenyewe kwa njaa. Wako wasiotoka. Huko Bondeni kuna maghala ya bati ya zamani, katikati ya maji ya mpunga. Waliingia humo mwishoni mwa enzi za Matawi ili watajwe, na mpaka leo wanangoja. Serikali inajua. Hawabadilishi uzito."

"Na Machano?"

"Fundi alitaka kurudi kwao. Kila nilipokwenda kupima nguo alikuwa akizungumza habari zako mpaka anachoma kidole. Lakini mtu aliyevaa kijibu haruhusiwi kuvuka mpaka bila ruhusa, na ruhusa hutolewa Nyumba ya Mwito, na pale hawakusikilizi ila umeletwa. Kuletwa ni lazima utajwe, na kutajwa ni lazima ukosekane. Basi akaenda Bondeni akosekane. Nilimfungia mkate." Bi Nunu akashusha macho. "Nilidhani atakaa siku mbili tatu, kumbe Uzito ukaingia wiki ileile."

Sikudhani alisimama pale pale, na Bi Nunu akamwonyesha njia kwa kidole, ingawa kuonyesha kwa kidole nako hakupendezi machoni pa Watimilia.

Njiani alikuwa na muda wa kuwaza, na alichowaza kilimtia uchungu wa aina mpya. Tangu Uzito uingie, Machano angeweza kuondoka Timilia siku yoyote. Asingezuiwa, kwa kuwa asingegunduliwa. Angevuka mpaka mchana kweupe, na jioni mnara ungesema nchi imetimia. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ileile iliyomfanya asiitwe, naye, mtu aliyeshona vijibu kwenye kosi za nchi nzima, alikuwa amekaa ndani ya bati akingoja ruhusa.

Bondeni ni mahali pa maji yaliyotuama na nyasi ndefu. Maghala yalisimama kwa mstari juu ya tuta, yamepata kutu, na mlango wa la kwanza ulikuwa wazi. Ndani, wanaume kwa wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka, vichwa wameviinamisha upande mmoja, upande wa mnara. Sikudhani alipofungua kinywa walimwashiria anyamaze.

"Unakaribia kuita," mmoja alimwambia kwa upole.

Sauti ya mnara ikapita juu ya bonde, safi na ya adabu. Nchi imetimia, ilisema. Ahsanteni. Vichwa vikainama ghala zima. "Labda kesho," mtu akasema kutoka gizani, na wengine wakaanza kukunja shuka na kugawana muhogo wa kuchemsha.

"Ndugu zangu," Sikudhani alisema, "majina hayaitwi tena. Wameacha zamani."

Walimtazama kama mgeni asiyejua desturi za watu. Mwanamume mmoja alimweleza kwamba mnara haujawahi kuacha kitu chochote, ila una kazi nyingi, na kwamba zamu yao itafika. Sikudhani aliona kwamba kubishana nao ni kupoteza jua lililobaki. Akajaza kifua pumzi.

"Machano!" akaita. "Machano Haji!"

Sauti ikagonga mabati, ikarudi. Watu wote ghalani wakasimama. Kila mmoja alikuwa ameinua uso, na katika kila uso kulikuwa na swali lilelile, na Sikudhani alijuta kwamba alikuwa na jina moja tu la kuita. Bibi mmoja mwembamba alisogea mpaka mbele yake.

"Mimi ni Hadia. Umesema Hadia?"

"Hapana, bibi. Nimemwita mume wangu."

"Aa," bibi akasema, akarudi kukaa. Halafu akasema tena, "Basi na mimi niite, mwanangu. Mara moja. Hutapungukiwa na kitu."

"Hadia," Sikudhani akasema.

"Si hivyo. Niite kama ulivyomwita yeye."

Sikudhani alikuwa na haraka, jua lilikuwa linashuka na maghala yalikuwa bado mengi, lakini angewezaje kumnyima? Akavuta pumzi, akaliita jina lile kwa nguvu zote alizokuja nazo kwa ajili ya mwingine. Bibi Hadia akaitikia labeka, kwa sauti yake mwenyewe, iliyopasuka kwa kukaa bila kutumika. Kisha akakunja mkeka wake, akauliza kama njia ya kwenda kwa bintiye bado inapita penye daraja, akatoka.

Baada ya hapo hakukuwa na kukataa. Walikuja mmoja mmoja wakamtajia majina yao, naye akawaita, na kila aliyeitwa aliitikia na kuondoka. Hakuna aliyekwenda upande wa mnara, kwa maana walikuwa wamemwona aliyewaita, wakajua kwamba ni mtu. Akahamia ghala la pili, na la tatu. Katika yote hayo hakumwona mumewe. Sauti ilianza kumkauka, ikawa nzito, ikawa ya kukwaruza, na bado aliita. Alipofika ghala la mwisho, lile la mwishoni kabisa mwa tuta, lililofungwa mlango, koo lilikuwa linamuuma kama mtu aliyemeza mfupa.

"Machano," akaita.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti pana na ngumu, na bati likaichukua likaikuza, ikavuma juu ya maji yote ya Bondeni. Yeye mwenyewe ilimtisha. Ndani ya ghala kitu kilianguka, mlango ukasukumwa, na mumewe akatoka.

Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa na mvi ambazo Sikudhani hakuzijua. Lakini lile bega la kulia lililoinama kwa miaka ya cherehani lilikuwa lilelile. Machano hakutazama kulia wala kushoto. Uso wake, ambao sasa uling'aa kwa furaha, aliuelekeza juu, kilimani, kwenye mnara.

"Nipo!" akapaza sauti. "Machano Haji, nipo!"

Akaanza kukimbia kupanda kilima.

"Machano!" Sikudhani akaita, akamfuata mbio kwenye nyasi. "Machano, ni mimi!" Lakini kile kilichomtoka kooni kilikuwa mngurumo tu, hakikubeba neno lolote ila jina, na kila mumewe alipolisikia jina lake alizidi kasi. Akaita tena, Machano akakaza mwendo. Akaita kwa kumsihi, Machano akaitikia nipo, nipo, ninakuja, akiuambia mnara, na umbali kati yao ukaongezeka. Ndipo Sikudhani alipoelewa, na alipoelewa alisimama. Kadiri anavyomwita ndivyo anavyompoteza.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo, na kilimshinda kuliko safari yote. Jina lile alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu masika yale. Lilikuwa limemjaa kinywani. Akashika pindo la kanga yake, akalitia mdomoni, akaliuma.

Machano alipanda hatua chache zaidi. Akapunguza mwendo. Akasimama, kichwa ameinamisha upande, akingoja aitwe tena. Mnara ulikuwa kimya. Alingoja sana, na Sikudhani naye alisimama kwenye nyasi zilizomfika kiunoni, machozi yanamtiririka juu ya kanga, na hakutoa sauti.

Mwishowe Machano akageuka. Akafanya jambo ambalo kule halifanywi. Akaanza kutafuta. Alitazama njia aliyopita, akatazama tuta, akatazama maghala yaliyoachwa wazi milango. Alishuka kidogo, mkono ameuweka juu ya macho kukinga jua. Macho yake yalimpitia Sikudhani, yakaenda zake, na Sikudhani aliuma kanga mpaka akasikia ladha ya damu. Kisha macho yakarudi.

"Sikudhani?"

Ilikuwa miaka tangu jina lake lisemwe kwa sauti ile. Akaiachia kanga.

"Abee," akasema, kwa shida.

Machano alikuja mpaka karibu, taratibu, kama anayeogopa kumwaga kitu. Alitazama koo lake, akatazama mnara, akamtazama tena.

"Ni wewe uliyekuwa ukiniita?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."